Macho Yaliyofundishwa Kutopepesa

Magige aliniambia nisiandike sura hii. Tulikuwa tunatoka makaburini, mwezi uliopita, siku tuliyomzika Mama Chacha kule Genkuru. Alinishika kiwiko, akanivuta hadi nyuma ya turubai ambako wanawake walikuwa wanaosha masufuria, akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwa Magige ni sauti ya kawaida ya watu wengine: "Mura," ndivyo tunavyoitana wanaume kwetu, "nasikia unaandika kitabu cha maisha yako. Andika ualimu. Andika ng'ombe zako. Yale mambo ya yule nesi na vidole vyake uyaache. Tulitahiriwa siku moja sisi. Ukijiaibisha umetuaibisha wote." Magige ni mtu mkubwa siku hizi, watu wanampisha mlangoni, na amezoea kwamba akishasema mazungumzo yamekwisha. Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nitatii. Nimefundisha shule ya msingi karibu miaka ishirini, nimebishiwa na wazazi, na wakaguzi, na watoto wa darasa la tatu, na mtu mmoja wa Genkuru hanitishi. Kesho yake nilirudi kwangu Kenyamonta, nikakaa mezani kabla hata ya chai, nikaanza na mwaka huohuo alioukataza.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimefanya mtihani wa kidato cha sita, nasubiri matokeo, na kijana anayesubiri matokeo ni ng'ombe asiye na mchungaji, ataingia shamba lolote. Tulikuwa watatu, Chacha, Magige na mimi, watu wa saro moja, yaani tuliotahiriwa msimu mmoja. Tena sisi watatu tulisimama mstari mmoja, asubuhi moja. Tukachimba duara, yaani shimo letu la kutafuta dhahabu kwenye shamba lisilolimwa, upande wa Kemambo, bila mbao za kuzuia kuta na bila kumuuliza mtu yeyote kama udongo uliolowa mvua za masika unafaa kuaminiwa. Wa kulaumiwa ni sisi wenyewe. Siku ile Magige alikuwa juu na kamba. Mimi nilikuwa napanda, kamba ikiwa kiunoni, Chacha akinifuata kwa chini. Ukuta ukashuka. Ulimfunika Chacha mpaka kifuani, akalishika buti langu la kushoto, akaniita jina mara moja tu. Nikavuta mguu. Nasema nikavuta, sisemi mguu ulichomoka. Buti likabaki mkononi mwake, kifusi cha pili kikanishukia kichwani, ikawa giza na udongo mdomoni, sijui kwa muda gani, mpaka kamba ya Magige iliponitoa nje na soksi moja. Chacha alitolewa kesho yake mchana. Watu waliomtoa hawakuniangalia usoni, au labda mimi ndiye sikuwaangalia.

Baada ya mazishi nyumba zilinikataa. Nikikanyaga kizingiti tu, kifua kilibana, masikio yakaziba, na harufu ya ukuta uliokandikwa upya ikanirudisha kulekule chini. Nikahamia nje. Nililala chini ya ghala la mtama, kati ya nguzo zake, hewa ikipita pande zote nne. Chakula nilikula nimesimama uani, tonge mkononi, kama mgeni mwenye haraka. Mlango ukijibamiza, mimi nilikuwa nimeshafika zizini. Wazee wangu hawakukaa kimya, na sitawasema vibaya hata leo: mbuzi alichinjwa, nikapakwa yanayopakwa, nikanywa kichuri, maji ya majani ya tumboni mwa mbuzi, kichungu kuliko shubiri, na mchungaji wa kanisa naye akaja akaniombea mpaka jasho likamtoka. Mbuzi alikuwa mtamu na sala ilikuwa ya kweli. Nikarudi kulala chini ya ghala. Ndipo maneno yalipoanza. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza palepale, wanaume watatu wakiwa uani wanakunywa uji wa wimbi bila kujua kwamba nawasikia, na mmoja akauliza, "Huyu kweli alitahiriwa, au alikwaruzwa?" Wakacheka sana. Sikukasirika, kwa sababu swali hilo nilikuwa najiuliza mwenyewe.

Msomaji wa mbali anisamehe, mambo ya jandoni siyasemi yote, lakini hili hata watoto wanalijua: kwetu Wakurya, siku ya kisu, mwanamume hapepesi macho. Unasimama, unachagua kitu cha mbali, mlima au mti, unakikazia macho. Jamaa zako wanakupigia kelele usoni, marungu juu, wakitafuta kope itakayocheza. Hugeuki kushoto wala kulia. Mwenzako akikatwa pembeni yako humwangalii. Asubuhi ile Chacha alisimama kulia kwangu, na nilisikia pumzi yake ikikatika ilipofika zamu yake, na sikumwangalia. Tulisifiwa wote watatu, tukaimbiwa njia nzima, ng'ombe wakaahidiwa, wasichana wakapiga vigelegele. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliamini kabisa kwamba nimeshamaliza kuogopa maishani mwangu, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyenirekebisha.

Aliyenitesa zaidi mwaka ule hakuwa anayenicheka. Alikuwa Mama Chacha. Alikuwa mjane, na Chacha alikuwa mtoto wake wa kiume pekee. Wiki ya pili baada ya mazishi alikuja kwetu na mfuko. Ndani mlikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando na lile buti langu, limeoshwa, limekaushwa, hata kwenye mikunjo ya kisigino hapakuwa na chembe ya udongo. "Hili ni lako, mwanangu," akasema. Sikumpa shikamoo, akaitikia marahaba hivyohivyo. Tangu hapo kila Jumamosi alileta kibuyu, na kila Jumamosi alirudia maneno yaleyale: "Njoo nyumbani. Uingie ndani, ukae, ule. Siku hiyo nitajua kwamba kati ya wawili walioshuka shimoni, mmoja amerudi." Nilimjibu, nitakuja, mama. Akishaondoka niliwamwagia mbwa maziwa. Miezi mitatu ikapita hivyo, mbwa wetu wakanawiri, na watu wakaanza kusema kwamba mtoto wa watu amemdharau mama wa mwenzake, anakataa chakula cha mfiwa. Kwetu hilo ni jambo zito. Wengine walisema nina kiburi cha shule. Mimi nilichojua ni kwamba nyumba ya mama yule ina mlango mmoja mdogo na kuta za udongo, na kwamba nikiingia mle nitakufa, na nisipokufa itabidi niseme.

Nilikwenda zahanati nikiamini nina ugonjwa wa moyo. Sikuingia. Nilisimama nje na fimbo yangu ya kuchungia, foleni ikanipita, ikaisha, mpaka muuguzi mmoja akatoka na viti viwili, akaviweka kwenye kivuli cha bati, akakaa kimoja akasubiri. Huyo ndiye Sista Zaina. Alikuwa Msambaa wa Lushoto aliyepangiwa kwetu na serikali, mfupi, ushungi mweupe, na Kiswahili chake kilinyooka kiasi kwamba wagonjwa walipenda kumsikiliza hata pale walipokuwa hawamwelewi. Alinipima, akasema moyo wangu ni mzima kuliko wake. Kisha akauliza, "Umeangukiwa na nini, kaka?" Wote kabla yake walikuwa wameniuliza naumwa nini. Nikamweleza shimo. Buti sikulitaja. Alikuwa ametoka Mwanza karibuni, kwenye mafunzo ya kuwasaidia watu waliopatwa na mambo mazito, na kule alifundishwa tiba ya kuchezesha macho: unalishika tukio baya akilini, huku macho yanafuata vidole vya mtibu vikienda kushoto na kulia, kwa vipindi vifupi, mkipumzika na kusemezana kidogo, mpaka tukio lenyewe lipungue makali. Nikamwambia hiyo ni kazi ya waganga. "Mganga angekuomba kuku," akasema. "Mimi nakuomba Jumanne zako tu."

Akanieleza kwa namna ambayo mpaka leo sijasikia nzuri zaidi. "Wewe ni mfugaji. Ng'ombe akiwa malishoni anaogopa fisi, anakulaje?" "Anameza harakaharaka." "Halafu?" "Akifika pazuri analala, anacheua." "Basi wewe umemeza shimo zima bila kutafuna, na kila ukisogea mlangoni linakupanda kama lilivyo. Kulitoa hatuwezi, limeshatokea. Tutalicheua." Akaongeza kwamba hata waliomfundisha hawajakubaliana ni kwa nini macho yanasaidia, wanajua kwamba wengi hupata nafuu na wengine hawapati, na kwamba kabla ya nafuu kunaweza kuwa na siku mbaya. Nilimwamini kwa ajili ya hilo. Watu wote wengine walikuwa wameniahidi kupona kesho yake.

Hatukuanza na shimo. Jumanne za kwanza alinifundisha kupumua, na akaniambia nichague mahali ninapotulia, niwe naweza kwenda huko kwa akili wakati wowote mambo yakizidi. Nilichagua mtoni, pale ng'ombe wetu wanaponywea, saa nne asubuhi, wakiwa wameinamisha vichwa vyote kwa pamoja. Tulichezesha macho kidogo tu juu ya mahali hapo, ili paniingie vizuri. Kosa letu lilikuwa kufanyia nje. Watu walimwona nesi akipitisha vidole mbele ya macho ya kijana, wakafikia uamuzi wao, na Jumanne ya tatu tulikuta wazee saba wamepanga foleni kwenye kivuli chetu. Mzee Nyamhanga, ambaye jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho mweupe kabisa, alikuwa wa kwanza. "Na mimi nichezeshe," akaamuru. "La kushoto halioni tangu mvua za mwaka juzi." Sista akamweleza kwa adabu zote kwamba hii si dawa ya macho, akamwandikia barua ya kwenda hospitali. Mzee akaikunja barua akaniangalia mimi kwa hasira: "Kumbe huyu anaona vizuri? Sasa anakulia nini nafasi ya watu?" Kuanzia hapo ikabidi tuingie ndani.

Chumba kilikuwa stoo ya chanjo. Kulikuwa na friji ya mafuta ya taa iliyonuka moshi, katoni za glovu zilizofika darini, benchi, ndoo, dirisha moja linalotazama kilima. Jumanne ya kwanza nilikaa kizingitini, nusu yangu nje. Iliyofuata nilikaa ndani, mlango wazi, yeye akafungua chakula chake cha mchana, wali na maharage ya nazi, nazi aliyoletewa na ndugu zake kutoka Tanga, akanigawia. Sikuwahi kula maharage matamu namna ile. Niliona kama mtu amekosea akatia sukari. Ndicho chakula cha kwanza nilichokula chini ya bati tangu siku ya shimo. Kisha mlango ukarudishwa nusu. Kisha, Jumanne moja ya baridi, baada ya kuniuliza mara mbili, akaufunga. Aliufunga kwa ufunguo, si kwa komeo. Alinipa mimi ufunguo nikaushika mkononi.

Akaniuliza ni picha gani iliyo mbaya kuliko zote. Hapo ndipo nilipolitaja buti, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote. "Na ukiiona picha hiyo unajiambia nini?" "Nimemuua Chacha." "Ungependa kuweza kujiambia nini?" Nikaugeuza ufunguo mkononi. "Kuanzia sifuri mpaka kumi, inakuumiza kiasi gani sasa hivi?" "Mbili," nikasema. Akanitazama. "Mbili ya mwanamume wa hapa ni ngapi kwa watu wengine?" Nikasema tisa, akaandika tisa. Akainua vidole viwili, akaanza kuvipeleka. Macho yangu hayakwenda. Nilitaka yaende, naapa, lakini yalibaki yamekazwa kwenye kilima kile cha dirishani, makavu, wazi kabisa. Akajaribu kalamu. Akaazima fimbo yangu, akapitisha ncha yake. Aliniambia tunaweza kuacha macho, nijipige magotini kwa zamu, kushoto, kulia, hilo nalo hufaa kwa wengine. Nikakataa, nikamwambia rudia. Akarudia, akawa ananichunguza, akasema taratibu, "Kushoto yanasogea kidogo. Kulia hayaendi kabisa. Nani alikufundisha kutazama hivi?"

Mambo ya jando hayazungumzwi na mwanamke, tena mwanamke aliyekuja na barua ya uhamisho. Hata hivyo nikasema, na najua kwamba huu ndio mstari ambao Magige asingependa kuuona: "Tulifundishwa kutopepesa." "Kwa muda gani?" "Siku ile." "Ilikuwa ya siku moja, na uliishinda," akasema Sista Zaina. "Mbona wewe umeifanya ya miaka sita?" Akauliza kulia kwangu alisimama nani. Nikamwambia Chacha. "Ulimwangalia?" "Hatuangalii pembeni, Sista." Akainua vidole tena. "Basi leo mwangalie."

Yalikwenda. Shingo iliuma kana kwamba ndiyo iliyokuwa inafanya kazi. Kulia, kushoto, kulia, mara ishirini hivi, akasimama. "Vuta pumzi. Nini kimekuja?" "Udongo. Harufu." "Endelea nayo." Tukaenda tena. Likaja giza, mdomo ukanikauka. Endelea nalo. Ukaja mguu, mguu wangu wa kushoto ukaruka wenyewe, ukapiga katoni, glovu zikamwagika sakafuni, naye hakuziokota. Endelea nao. Kisha akaja Chacha, lakini hakuwa Chacha wa shimoni. Alikuwa Chacha wa asubuhi ya kisu, yule ambaye sikumwangalia, na katika picha ile alikuwa anapepesa macho, anapepesa kama mtoto aliyeingiwa na moshi. Sijui kama alipepesa kweli. Sista alisema yeye hakuwepo, hawezi kuniambia, na kwamba picha inayokuja siyo ushahidi wa mahakamani. Lakini nilicheka, na katikati ya kucheka nikaanza kulia, kilio cha sauti, cha kamasi, ambacho sikuwa nimekitoa tangu kabla ya jando. Alipouliza nini kimekuja, nikasema, "Nilikuwa na miaka ishirini, nilitaka kuishi." "Na yeye?" "Na yeye alitaka kuishi. Ndiyo maana alinishika." "Endelea nacho." Tulipomaliza alinirudisha mtoni kwa ng'ombe, akauliza namba. Ilikuwa nne, nne ya kweli.

Waandishi wa vitabu vya kutia moyo wangeishia hapo. Mimi nilitoka siku ile nikaota vibaya wiki nzima, nikarudi Jumanne iliyofuata nikiwa sitaki, na ilichukua Jumanne tano nyingine kabla namba haijafika moja. Nguo hazifuliwi kwa kuchovya mara moja. Lakini jambo la siku ile ni hili: kilio changu kilivuka bati. Akina mama wa kliniki walikisikia, wakaenda kukisema, na nilipokuwa bado nafuta uso nikasikia sauti ya Magige nje, na vijana wawili wa saro yetu nyuma yake. "Sista, toka! Umemfanya nini mwenzetu? Sisi hatuna mtu wa kulia." Sista Zaina alisimama atoke, ingawa walikuwa na fimbo. Nikamtangulia. Nikafungua mlango kwa ufunguo ambao kumbe nilikuwa nimeushika muda wote, na ndipo nilipogundua kwamba nimekaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa zaidi ya saa moja na sijafa.

"Hakuna aliyenifanya," nikawaambia. "Nimelia mwenyewe." Magige akasogea akasema kwa Kikurya, ili Sista asielewe, kwamba mwanamume wa saro yetu halii. Nikamjibu kwa Kiswahili, ili Sista aelewe: "Basi leo yupo mmoja. Mhesabu. Na akija mwingine kunicheka, aje hapahapa, nitalia tena mbele yake bure." Nilikuwa nina kamasi mpaka kidevuni na sijawahi kujisikia mrefu namna ile. Kisha nikamuuliza jambo ambalo halikuwa limenijia mpaka dakika ile. "Wewe ndiye ulikuwa na kamba, Magige. Unalala?" Alinitazama, macho hayakucheza hata kidogo. Akatema mate pembeni, akaondoka, na wenzake wakamfuata. Tangu siku ile mpaka makaburini mwezi uliopita hatukuwahi kuligusa tena neno hilo.

Mtama ulikuwa umeshavunwa nilipokwenda kwa Mama Chacha. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nikamwahi kabla hajatoka na kibuyu. Niliinama mlangoni, nikaingia. Moyo ulipiga, lakini ulikuwa moyo tu. Mafiga matatu, moshi, kuku chini ya kitanda, koti la Chacha kwenye msumari. Alirudisha mlango ili mbuzi wasiingie, hakujua alichofanya, au alijua. Nikaachia macho yatembee, mafiga, koti, mafiga, koti. Akaweka ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mgagani, na maziwa. Nilimega tonge la kwanza, nikalishusha, la pili nikashindwa. "Mama," nikasema, "lile buti halikutoka lenyewe. Alinishika. Nikavuta mguu."

Hakuacha kula. "Nilijua," akasema. "Vidole vyake nilivifungua mimi, kimoja kimoja, kabla hatujamwosha. Wewe ulidhani nilikuletea buti la nini?"

"Nilidhani unanishitaki, mama."

"Nilikuwa nakwambia kwamba najua, na bado nakuita uje ule." Akanisogezea kibuyu. "Nilitaka wawili, nikapewa mmoja. Sasa na huyo mmoja awape mbwa maziwa yangu?"

Kumbe hilo nalo alikuwa analijua, na miezi yote ile aliendelea kuleta. Nililia, nikanywa kibuyu kizima, na yeye akanitazama nikinywa mpaka tone la mwisho, akasema sasa mmoja amerudi. Mwaka ule uliisha hivyo. Nilikwenda chuo cha ualimu, nikalala bwenini na wenzangu kumi na wawili, kitanda changu kikiwa karibu na dirisha, na kila likizo nilipita Genkuru kwanza.

Mwezi uliopita kaburi la Mama Chacha lilichimbwa mvua ikinyesha. Jeneza lilipofika ukingoni, wakauliza nani anashuka kumpokea, kwa kuwa mtoto wa kiume hana. Nikavua viatu vyote viwili, nikashuka. Harufu ilikuwa ileile. Nikautazama ukuta wa kushoto, nikautazama wa kulia, kushoto, kulia, nikipepesa, machozi yakinitiririka mbele ya wakwe zangu, mbele ya wazee, mbele ya watu niliowafundisha kusoma, na nikasimama humo mpaka jeneza likanifikia mikononi, nikamlaza mama yetu vizuri. Kisha nikatazama juu. Kamba moja ilikuwa ya Magige, aliitwa kwa jina aje aishike, akampa jirani. Alikuwa amerudi nyuma hatua tano, amekikazia macho kilima, hapepesi. Mtu huyu ana ng'ombe zaidi ya mia na hajafunga hata ndama mmoja kwa mkono wake tangu mwaka ule. Kamba zote hushikwa na watu wengine, na sisi tulidhani ni ukubwa.

Umesema nisikuaibishe, Magige. Nimeliandika jina lako mara zote hizi kwa makusudi. Sista Zaina alistaafu akarudi Lushoto, lakini hospitali ya wilaya yupo muuguzi aliyefundishwa kazi ileile, ana Jumanne zake. Wewe ulivuta kamba iliyokuwa na mtu mmoja, na huyo mtu ni mimi, niko hai, nimeandika sura nzima uliyonikataza. Njoo Jumanne. Nimeshamwambia auache mlango wazi, na mimi nitakaa kizingitini na ufunguo.